Mama ananiita mumiani: nataka kazi ya kuchukua damu

Shikamoo dada,

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa nne hapa Houston. Nyumbani nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Huku nafanya kazi kwenye ghala la mizigo, zamu ya usiku, kwa dola 18 na senti 50 kwa saa, na mgongo umeanza kunidai. Nina kadi ya kijani, nina mtoto mmoja wa darasa la pili, na mume wangu anaendesha lori, kwa hiyo kuna wiki hatumuoni kabisa.

Mwaka jana nililazwa siku tatu. Kila alfajiri alikuwa anakuja dada mmoja na kikapu chake cha sindano. Ananisalimia, ananiuliza jina langu, anapapasa mkono kwa kidole kimoja, mimi nageuza uso, nikirudisha uso ameshamaliza. Nikajiambia hii kazi naiweza. Kuulizia, naambiwa wanaitwa flebotomisti na si lazima uwe nesi.

Shule niliyoipata inataka dola 2,900 kwa wiki sita, Jumamosi na Jumapili tu. Kijana ninayeongea naye kwa simu anasema kazi ni uhakika, na kwa kuanzia nitalipwa dola 30 kwa saa. Anataka nilipe nusu kabla ya Ijumaa kwa sababu nafasi zimebaki mbili.

Sijui kama shule hiyo ni ya kweli. Halafu nina hofu yangu ya siri: nikiwa msichana nilimuona mdogo wangu akishonwa mguu, nikaanguka palepale, nikaamka nimemwagiwa maji. Na la mwisho utacheka. Nilipomwambia mama kwa simu alinyamaza, kisha akasema, "Yaani mwanangu umevuka bahari yote hiyo ukawe mumiani, mnyonya damu za watu?" Tangu siku hiyo nikitaja habari ya kazi anahamia habari za mvua. Mdogo wangu huyohuyo wa mguu sasa yuko kidato cha nne, naye anauliza kama anaweza kusomea jambo hili huko nyumbani.

Mwalimu wa Tanga, Houston

*

Marahaba, mwalimu. Ijumaa usilipe. Nimelitanguliza hilo ili hata ukiishia hapa kusoma uwe umetoka na kitu.

Wewe ni wa pwani, kwa hiyo neno chuku unalijua kwa maana zote mbili. Wazee wetu walipiga chuku kwa pembe, wakiumika mtu ili damu mbaya imtoke. Siku hizi kupiga chuku ni kutia chumvi. Huyo kijana wa simu amekupigia chuku ya pili. Takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za Mei 2023 zinaonesha kuwa mchukua damu wa katikati, yule ambaye nusu ya wenzake wako juu yake na nusu chini, alipata dola 41,810 kwa mwaka. Ukigawanya, ni kama dola 20 kwa saa, na hapo kuna waliokaa kazini miaka 15. Dola 30 kwa mtu wa kuanza? Huenda siku ya kwanza ukalipwa senti zilezile za ghalani au pungufu kidogo. Ujue hilo sasa, usije ukalijua ukiwa umeshaacha kazi.

Na maneno "kazi ni uhakika" hayawezi kutoka kwa shule, kwa sababu shule haikuajiri. Hapa Texas shule za ufundi za binafsi husimamiwa na tume ya ajira ya jimbo, Texas Workforce Commission. Angalia kama shule hiyo imo kwenye orodha yao. Kama haimo, mazungumzo yameisha.

Kama imo, mpigie tena kijana wako umuulize swali moja: "Mikono ya watu mtanipa wapi?"

Nieleze kwa nini. Majimbo manne tu ya Marekani, yaani California, Louisiana, Nevada na Washington, ndiyo yanayomtaka mchukua damu awe na kibali cha jimbo. Texas haimo. Kisheria hapo Houston mwajiri anaweza kukuchukua na kukufundisha mwenyewe. Lakini hospitali nyingi hazitaki kubahatisha, zinataka cheti cha chombo cha kitaifa kama NHA au ASCP, na vyombo hivyo havikupi cheti kwa kujibu maswali ya mtihani pekee. NHA wanataka uwe umechukua damu ya mshipani mara 30 na ya kidole mara 10, kwa watu walio hai. ASCP wanataka mara 100. Mkono wa plastiki hauhesabiwi, hata ukiuchoma mpaka uvuje. Kwa hiyo shule inayokufundisha darasani wiki sita halafu ikakwambia "mafunzo ya vitendo utajitafutia" imekuuzia nusu ya kitu kwa bei ya kitu kizima. Nimewaona wanafunzi wa namna hiyo wakizunguka maabara moja hadi nyingine na barua mkononi, na hakuna anayewapokea, maana maabara zina mikataba na vyuo vyake.

Swali lako liwe na meno: ni kituo gani, saa ngapi, mkataba uko wapi, na nisipopata nafasi mnanirudishia pesa? Akianza kuzunguka, mshukuru, ukate simu.

Chuo cha jamii cha eneo lako mara nyingi kina kozi hiihii na kina mikono ya watu. Kabla hujatoa hata senti, nenda ofisi ya ajira ya Workforce Solutions ukaulize habari ya fedha za mafunzo chini ya sheria ya WIOA ya 2014. Una kibali cha kufanya kazi, una mtoto, kipato chako ni cha ghalani. Watu kama wewe ndio waliokusudiwa. Haina hakika, na fomu zake zinachosha, lakini mimi kuna mtu ninayemjua aliyesoma bila kulipa chochote isipokuwa viatu vyeupe. Cheti chako cha Baraza la Mitihani kitathminiwe na mojawapo ya kampuni zilizo wanachama wa NACES, umoja wa wanaolinganisha vyeti vya nje na vya Marekani, kwa sababu chuo na watahini watataka kuona kiwango cha sekondari ya juu. Ada ya mtihani wenyewe haifiki dola 200.

Kuna mlango mwingine ambao shule hazitakutajia kwa sababu hauwaingizii kitu. Vituo vya plazma (yale maji ya damu), vile ambavyo watu hulipwa kwa kutoa, huajiri watu wasio na cheti na kuwafundisha huku wanalipwa. Ndani ya miezi michache utakuwa umechoma mikono mingi kuliko mwanafunzi yeyote. Ubaya wake ni kwamba wachangiaji wote wa plazma ni wazima, mishipa imewajaa, na sindano ni namba 17, nene kuliko 21 ya hospitali (namba ikipungua sindano hunenepa). Ukitoka hapo kwenda kwa bibi wa miaka 88 aliyekaukiwa maji unajikuta hujui kitu. Mimi ningekishika kituo cha plazma kama ngazi ya miezi 6, nikiwa nasoma jioni. Wasomaji wetu wa Uingereza, kwenu ni rahisi zaidi: hospitali za umma hufundisha wachukua damu kazini, hakuna leseni ya taifa, tafuteni nafasi za daraja la 2 na la 3.

Sasa tuje kwenye mkono wenyewe, maana hapo ndipo utakapojua kama kazi hii ni yako.

Yule dada aliyekupapasa kwa kidole kimoja alikuwa anafanya kazi yote pale. Sindano ni hitimisho tu. Mshipa hautafutwi kwa macho. Kwa ngozi zetu nyeusi mara nyingi huuoni kabisa, na mchukua damu aliyezoea kuangalia michirizi ya buluu hukwama kwetu kisha anasema "una mishipa mibaya". Fumba macho uguse kunjo la kiwiko chako. Kitu kigumu kama kamba iliyokazwa ni kano, kiache. Kinachopigapiga kwa mapigo ya moyo ni ateri, kiache haraka zaidi. Unachotafuta kinabonyea halafu kinarudi, kama embe linaloanza kuiva. Wa katikati ndio wa kwanza kuchagua. Wa upande wa nje, wa dole gumba, ndio wa pili. Wa upande wa ndani, ulio karibu na mbavu, uwe wa mwisho kabisa, maana jirani yake ni ateri na neva, na ukiigusa neva mgonjwa atakurukia.

Mpira wa kufungia mkono usizidi dakika moja. Ukizidisha, maji ya damu huanza kutoka nje ya mishipa, iliyobaki inakuwa nzito, na majibu yanadanganya. Futa kwa spiriti, kisha subiri ikauke. Wanaoanza hawana subira hapo, wanapuliza kwa mdomo! Sindano ikipita kwenye spiriti mbichi inawasha kama pilipili, na mgonjwa anadhani umemchoma vibaya. Vuta ngozi chini kwa dole gumba ili mshipa usikimbie, ingia kwa mshazari. Ukikosa mara mbili, muite mwenzako. Kiburi cha mara ya tatu kimewafukuzisha watu kazi.

Halafu kuna rangi za vifuniko, na hapa nitakusimulia aibu yangu. Tyubu zina mpangilio: chupa za kuotesha vijidudu kwanza, kisha buluu mpauko, nyekundu au dhahabu, kijani, zambarau, na kijivu mwisho. Mpangilio huo nilikuwa nimeukariri kama jedwali la kuzidisha, bila kujua sababu yake. Mwezi wangu wa pili kazini, hospitali siitaji, nilikwenda kwa mzee mmoja saa kumi alfajiri. Tyubu ya dhahabu ikafika nusu, damu ikaanza kudondoka kwa kusitasita. Nikahamia ya zambarau, ikajaa, kisha mshipa ukagoma kabisa. Sikutaka kumchoma tena. Wodi imelala, hakuna anayeniona. Nikafungua vifuniko, nikamimina kidogo ya zambarau ndani ya dhahabu. Damu si ni ileile?

Baada ya saa moja maabara ilipiga simu wodini. Potasiamu ya mzee yule ilikuwa ya mtu aliyekwisha kufa, na kalisi karibu hakuna. Nesi akakimbia chumbani akamkuta mzee ameketi anakunywa chai. Dawa iliyo ndani ya tyubu ya zambarau, EDTA, ni chumvi ya potasiamu, na inazuia damu isigande kwa kuikamata kalisi. Nilikuwa nimemimina dawa hiyo ndani ya kipimo cha potasiamu. Yule wa maabara alielewa mara moja alichokiona, akaitupa, akaagiza nyingine. Lakini fikiria ingekuwa nimemimina kidogo tu, potasiamu ikapanda kidogo tu, kiasi cha kuaminika. Mzee angepewa dawa ya kushusha kitu ambacho hakikupanda. Nilikwenda kumchoma mara ya pili mwenyewe. Nilimuomba radhi, akaniuliza kama na mimi nimeshakunywa chai.

Kwa hiyo mtu akikwambia ni kazi ya kuchoma tu, mwache. Hatari kubwa wala haiko kwenye sindano, iko kwenye lebo. Mgonjwa mwenyewe ndiye ataje jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa, usimuulize "wewe ni fulani?", kwa sababu mgonjwa mwenye homa huitika jina lolote. Lebo ibandikwe palepale kitandani, mgonjwa akiwa anakuona, kabla hujapiga hatua kwenda mlangoni. Wewe umeita majina darasani, unajua watoto wawili wenye jina moja wanavyoweza kukuharibia siku. Huku mkorogo huo huishia kwa mtu kuwekewa damu ya kundi lisilo lake.

Kuhusu kuanguka. Ulianguka kwa kuona jeraha la mdogo wako unayempenda, likishonwa, tena ukiwa msichana. Hilo halifanani na hili. Kwenye uchukuaji wa siku hizi damu hutoka mshipani ikaingia tyubu iliyofungwa, huioni ikimwagika wala husikii harufu. Jipime mwenyewe kabla hujalipa ada ya mtu: nenda kachangie damu, umekula vizuri, na safari hii usigeuze uso. Ukianza kuona giza, kaza misuli ya mapaja na mikono kwa nguvu sekunde 10 hadi 15, legeza, rudia. Huko ni kuipandisha presha inayotaka kushuka. Ukitoka hapo umesimama, hofu yako imebaki ndogo. Ukianguka, umeangukia mahali penye vitanda, na bado haina maana huwezi. Mwenzangu mmoja alianguka mara mbili katika wiki yake ya kwanza ya mafunzo, leo ndiye tunayemwita kwa watoto wachanga.

Hofu ya kujichoma ni halali zaidi. Kwa kanuni ya usalama kazini ya 1991 mwajiri lazima akupe chanjo ya homa ya ini B bure, na akupe nafasi hiyo ndani ya siku 10 za kazi tangu upangiwe kazi yenye hatari hiyo. Ichukue. Ukijichoma, osha kwa maji na sabuni, ripoti dakika hiyohiyo, kwa sababu dawa za kinga ya virusi vya Ukimwi hazisubiri zaidi ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Watu huficha kwa aibu. Usiwe mmoja wao.

Kuna kitu hukukiuliza, ila mimi nimekiona kwenye barua yako: zamu. Yule dada alikujia alfajiri kwa sababu madaktari hupita wodini asubuhi na wanataka majibu mezani. Zamu ya hospitali inaanza saa kumi usiku au saa kumi na moja alfajiri. Mume yuko barabarani, mtoto wa darasa la pili nani atamwamsha? Tafuta maabara za nje na kliniki zinazofungua saa moja au saa mbili asubuhi. Zinachosha kwa foleni ya watu waliofunga kula wakiwa na hasira, lakini utamchukua mwanao shuleni.

Na Kiswahili chako watakitumia. Atakuja mama wa Kikongo anayeogopa, utamwambia "pole mama, nitakuchoma kidogo, utahisi kama siafu", na mkono utalegea. Hapo ni sawa. Ila daktari akikuvuta umtafsirie kuhusu ugonjwa au kusaini karatasi, kataa kwa adabu, aitwe mkalimani aliyethibitishwa. Ukikosea neno moja pale, lawama ni yako.

Mdogo wako mwambie nyumbani kazi hii haisimami peke yake. Tanzania na Kenya damu huchukuliwa na watu wa maabara na wauguzi. Asomee sayansi ya maabara za afya, stashahada ni miaka mitatu, akazanie Biolojia na Kemia sasa hivi kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Tena atakuwa amekupita, kwa sababu yeye atachukua damu na kuipima, wewe utaishia mlangoni.

Tumebaki na mama. Usimcheke. Mumiani enzi za bibi zetu ilikuwa dawa nyeusi kama gundi iliyouzwa madukani, watu wakaamini imepikwa kwa damu ya binadamu, na wakati wa ukoloni ilisemekana wazimamoto wa Nairobi na kwingineko wanakamata watu usiku kwa ajili hiyo. Magari mekundu, watu wenye sare, hakuna anayekueleza wanakokwenda. Mama amerithi hofu ya watu waliochukuliwa vitu vingi bila kuulizwa.

Muulize ni nani alimtoboa kidole siku alipopimwa malaria. Mwambie mtu wa namna hiyo ndiye wewe. Tyubu zote za mgonjwa wa kawaida asubuhi moja hazizidi vijiko vinne vya chai, na mtu mzima ana kama lita tano. Mama yangu mimi alisikiliza hesabu hiyo yote bila kutikisika, kisha akauliza swali lake la kweli: "Na inayobaki mnaipeleka wapi?" Nikamwambia inawekwa kwenye friji la maabara siku chache, ili kipimo kikihitaji kurudiwa mgonjwa asichomwe tena, halafu inateketezwa pamoja na taka za hospitali. Akanyamaza. Nilidhani simu imekatika. Kisha akauliza kama na sukari huwa tunapima.